Sura ya 8: Kuwamba Kigoda cha Ngozi chenye Vifungo

Kifungo cha kochi kilianza kama kazi, uzuri ukafuata. Kabla ya sponji, viti vilijazwa manyoya ya farasi, usumba, pamba, nyasi kavu, chochote kilicho laini na kinachopatikana. Ujazo wa namna hiyo hautulii. Mtu akikaa, unasukumwa pembeni. Baada ya miezi kadhaa katikati panabaki shimo na kingo zimevimba. Mafundi wa Ulaya wakapata njia ya kuufunga mahali pake: uzi mnene ulipitishwa kutoka juu hadi chini ya kiti, ukakazwa, na juu ukawekewa kifungo ili usikate nguo. Vifungo viligawa kiti katika vyumba vidogo, na kila chumba kikashika ujazo wake. Katika karne ya 19, hasa Uingereza ya Malkia Victoria (1837–1901), kazi hiyo ilifika kileleni: ngozi ilizamishwa ndani kabisa, mikunjo ikapangwa kwa umbo la uru, na uso wote wa kochi ukawa mabonde na vilima. Ndilo kochi ambalo leo wateja wa Keko, Dar es Salaam, na wa Barabara ya Ngong, Nairobi, huliagiza kwa jina la Chesterfield. Husimuliwa kwamba jina hilo limetokana na Philip Stanhope, Lodi Chesterfield wa nne, aliyefariki mwaka 1773, kwamba alitaka kiti kisichomkunjia suti. Hakuna hati inayothibitisha kisa hicho, nami sikitegemei.

Mwaka 1937, huko Leverkusen, Ujerumani, Otto Bayer na wenzake waligundua namna ya kutengeneza poliyurethani, na kufikia miaka ya 1950 sponji laini iliyotokana nayo ilikuwa inaingia katika viti na magodoro. Sponji ni kipande kimoja, haikimbii pembeni. Kifungo kikakosa kazi, kikabaki pambo, na pambo halihitaji kamba, tone la gundi linalitosha. Ndiyo maana kwenye makochi mengi ya bei rahisi ukikivuta kifungo kwa vidole viwili kinakuja mkononi.

Sura hii inataka utengeneze kigoda ambacho kifungo chake kimefungwa kwa uzi na fundo, kinashika kilicho chini yake, na kinaweza kufunguliwa. Hilo la kufunguliwa ndilo ninalolijali kuliko yote. Samani iliyofungwa hufunguliwa, ikarekebishwa, ikafungwa tena. Iliyogundishwa hubanduliwa, na ikishabanduliwa imekwisha.

Kigoda cha miguu ni mahali pazuri pa kuanzia. Kochi la watu watatu lina mgongo, mikono, kona za ndani, na linakula ngozi ya ng'ombe zaidi ya mmoja. Kigoda kina uso mmoja na pembe nne, lakini hatua zote za kochi la vifungo zimo: kupima, kutoboa, kuvuta, kupanga mikunjo, kufunga. Ukikiweza kigoda, kochi linabaki suala la ukubwa na subira. Wala kuwekewa pa kupumzishia miguu si jambo geni kwetu. Kiti cha enzi cha Lamu na Unguja, kile cha mbao nyeusi na mgongo wa kamba zilizosukwa, huwa na kibao cha miguu mbele yake, maana mgeni wa heshima hakuachwa miguu ikining'inia. Leo anayekihitaji zaidi ni yule anayesimama kutwa: muuguzi, mwalimu, mama lishe, kondakta wa daladala. Miguu iliyojaa jioni hupungua ikiinuliwa, na kigoda cha sentimita 40 kwenda juu kinatosha kwa makochi mengi ya nyumbani.

Sasa ngozi, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo fedha inapopotelea. Madukani, kinachoitwa leza mara nyingi ni kitambaa kilichopakwa plastiki. Iko ya PVC na iko ya poliyurethani. Ya PVC hulainishwa kwa kemikali ambazo polepole hutoka zenyewe kwenye plastiki. Zikipungua, inakakamaa na kupasuka penye mikunjo. Ya poliyurethani adui yake ni unyevu ukishirikiana na joto: maji yaliyomo hewani huivunjavunja plastiki yenyewe, na siku moja uso unaanza kubanduka magamba magamba yanayoganda kwenye nguo za wageni. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa zina joto na unyevu karibu mwaka mzima, hivyo maradhi hayo huja mapema. Na kigoda cha vifungo ni mikunjo mitupu. Kukivalisha leza ni kuipeleka plastiki pale pale inapofia. Kama ngozi halisi imeshindikana, afadhali kitambaa kizito cha pamba.

Kuitambua ngozi si kazi. Geuza nyuma: ngozi ina manyuzi yaliyosokotana bila mpango, leza ina nguo iliyofumwa kwa mistari. Ukiruhusiwa, choma kipande kidogo cha ukingoni. Ngozi hutoa harufu ya nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayovunjika vidoleni. Plastiki huyeyuka na kudondoka. Muuzaji mwaminifu hatakunyima kipande cha ukubwa wa kucha.

Ngozi halisi nayo ina aina zake. Iliyolainishwa kwa magome ya miti hupata rangi ya hudhurungi ndani na nje, huwa ngumu kidogo, na hukolea rangi kadiri inavyotumika. Magome yanayotumika sana ni ya miwati, mti uliotoka Australia na kuzoea nyanda zetu za juu; Kampuni ya Tanganyika Wattle ilianzishwa Njombe mwaka 1949 kwa ajili ya magome hayo. Aina ya pili hulainishwa kwa chumvi za kromiamu. Ni nyororo, inavumilia joto, na ukiikata utaona katikati ya unene wake rangi ya kijivu au samawati iliyofifia, labda kama rangi ya juu imepenya hadi ndani. Kwa vifungo vya kuzama mimi huchagua ya kromiamu bila kusita. Ya magome ni nzuri mno kwa mikanda, mikoba na viti vya kuwambwa bapa, lakini kwenye mikunjo ya uru hukataa kulala na kukuchosha mikono.

Unene ni jambo linalosahaulika. Ngozi ya kochi ni ya milimita 1 hadi 1.2. Ile ya soli na mikanda hufika milimita 3 na zaidi, na hakuna nguvu ya mkono itakayoikunja kwa unadhifu. Ukinunua kiwandani, iwe Himo au Moshi, Thika au Athi River, taja unene unaoutaka. Ngozi hupimwa kwa futi za mraba, na mara nyingi utakuta kipimo kimepigwa nyuma yake. Tarakimu ndogo iliyoinuliwa pembeni ya namba kubwa ni robo, kwa hiyo 22 yenye 3 ndogo juu ni futi 22 na robo tatu.

Itandaze sakafuni uitazame kama mnyama alivyokuwa. Mstari wa uti wa mgongo unapita katikati; huko ngozi ni ngumu na sawia. Tumboni ni laini, inavutika ovyo, nayo ikishavutika hairudi. Shingoni kuna mikunjo ya asili. Kata kigoda chako kutoka mgongoni kuelekea tako, urefu wa kigoda ufuate uti wa mgongo, maana kwa upande huo ngozi hunyooka kidogo kuliko kwa upana. Ukiuchanganya mwelekeo, vifungo vya upande mmoja vitalegea kabla ya vile vya upande mwingine.

Ngozi za kwetu zina makovu. Ng'ombe amepita kwenye miiba, ameumwa na kupe, na mara nyingi amepigwa chapa ya moto pajani, mahali hasa penye ngozi bora. Kwa makovu hayo ngozi hushushwa daraja na bei, na wengi huikimbia. Kwa kigoda cha vifungo huna sababu ya kuikimbia. Kabla ya kukata, zungushia makovu kwa chaki, kisha telezesha kiolezo cha vifungo juu ya ngozi mpaka kovu baya zaidi liangukie chini ya kifungo au kwenye mstari wa mkunjo. Kazi hiyo ya nusu saa inakuwezesha kununua ngozi ya daraja la chini na kupata kigoda cha daraja la juu. Makovu madogo yaliyobaki yaache yaonekane. Yanaonyesha kwamba hii ni ngozi, na mimi nayapenda.

Vipimo nitakavyotumia ni vya kigoda cha sentimita 60 kwa 40. Chini kuna fremu ya mbao nne na miguu minne. Mninga ni mzuri, msaji pia, na ukikosa vyote tumia mbao yoyote kavu isiyopinda. Juu ya fremu kinakaa kipande cha plaiwudi cha milimita 18. Kipande hiki kisipigiliwe misumari wala kugundishwa. Kishikwe kwa skrubu nne kutoka chini, ili siku ya matengenezo kigoda kivuliwe kofia yake nzima, ukafanye kazi mezani. Ukingo wake wa juu upige randa kidogo uwe mviringo, kwa sababu ukingo mkali hukata ngozi pole pole kila mtu anapokalia.

Chora vifungo kwenye plaiwudi. Weka safu tatu kwa urefu: ya kwanza sentimita 10 kutoka ukingo mrefu, ya pili 20, ya tatu 30. Safu za pembeni zina vifungo vinne, kuanzia sentimita 7.5 kutoka upande mfupi, kisha kila baada ya 15. Safu ya kati ina vitatu: kwenye 15, 30 na 45. Jumla ni vifungo 11, na kimoja kati yao kinakaa katikati kabisa ya kigoda. Hicho cha katikati ni muhimu, kazi yote itaanzia hapo. Unganisha alama kwa mistari ya mshazari na utaona maumbo ya uru yakijitokeza. Toboa kila alama kwa keekee ya milimita 8, kisha sugua midomo ya matundu kwa msasa pande zote mbili. Tundu lenye mdomo mkali husaga uzi, na uzi ukikatika kifungo kinaruka.

Kwa ujazo una njia mbili. Ya zamani ni usumba. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye matope ya ufukweni kwa miezi mpaka nyama yake ioze, kisha hupondwa, na kinachobaki ni nyuzi ngumu zenye kuruka. Pwani ya mashariki ya Unguja wanawake wameifanya kazi hiyo vizazi na vizazi. Usumba hupumua, hauozi upesi, na ukilala unaweza kuutoa, kuuchambua na kuurudisha. Juu yake huja tabaka la pamba au sufi ili nyuzi zisichome. Lakini usumba unataka kushikizwa kwa mishono kwenye gunia lililopigiliwa juu ya ubao, na kusambazwa sawasawa kwa mkono uliozoea. Nausifu, na ninamshauri anayeanza aungoje kigoda cha pili.

Cha kwanza tumia sponji. Iwe nzito: dukani uliza ile ya kukalia, yenye kilo 30 hadi 35 kwa mita ya ujazo, na uibonyeze kwa ngumi. Ikigusa meza upesi, iache. Vipande vya sponji vilivyosagwa na kugandamizwa, vile vya rangi mchanganyiko, ni vizito lakini ni vigumu mno kwa kifungo kuzama. Chukua unene wa sentimita 8, ukate sponji ipite ubao kwa sentimita 1 kila upande ili ukingo ujae vizuri. Ilaze juu ya ubao, uigeuze kazi yote, na kupitia matundu ya chini uingize shazia kuonyesha mahali pa kila kifungo. Sasa toboa sponji. Kipande cha bomba la chuma la upana wa sentimita 2, kilichonolewa mdomo kwa tupa, kinatosha: kizungushe huku unakandamiza, kitatoa kizibo safi cha sponji. Bila matundu haya kifungo hakizami, kinabaki kukaa juu juu na ngozi inaminyana badala ya kukunjika. Sponji haihitaji gundi. Vifungo vitaishika, ndiyo kazi yao. Juu yake tandaza pamba nyembamba, uipasue kwa kidole kila penye tundu.

Sasa hesabu, sehemu ambayo wengi huiruka. Vifungo viwili vilivyo umbali wa sentimita 15 kwenye ubao haviwezi kuwa umbali huo huo kwenye ngozi, maana ngozi inapanda kilima na kushuka bondeni. Ukipuuza hilo ngozi itakuwa fupi, vifungo vitakataa kuzama, na ukivilazimisha ngozi itachanika. Chukua futi ya kamba ya fundi cherehani. Bonyeza ncha moja ndani ya tundu la sponji mpaka kina unachokitaka, tuseme sentimita 4, ipitishe juu ya kilima, na ibonyeze ndani ya tundu linalofuata kwa kina kile kile. Soma. Kwa sponji na pamba kama hii, 15 hukaribia 18, na 10 ya kati ya safu na safu hukaribia 13. Usichukue namba zangu kama sheria. Pima sponji yako mwenyewe, kwani pamba ikizidi na kipimo kinazidi.

Kwa vipimo hivyo, urefu wa ngozi ni nafasi tatu za 18, yaani 54, ukiongeza kila upande 10 na nusu ya kutoka kifungo cha mwisho hadi ukingo, 8 za kushuka sponji, na 5 za kukunja chini na kupigilia. Inakuja 101. Upana ni nafasi mbili za 13, yaani 26, na 26 nyingine kila upande: 78. Kata 105 kwa 80. Hiyo ni karibu futi 9 za mraba, bila kuhesabu utakachokwepa kwa sababu ya makovu na ukingo.

Kabla ya kugusa ngozi, ningeomba sana ufanye jaribio kwa marekani. Ni nguo ya bei nafuu, haivutiki, na itakuonyesha kosa la hesabu kabla halijawa kosa la ngozi. Kama marekani imetosha kwa kuminyana kidogo, ngozi itatosha vizuri, kwa kuwa yenyewe hunyooka kidogo.

Aliyebahatika kupata ngozi za mbuzi tu asikate tamaa. Ngozi moja ya mbuzi haifiki 105 kwa 80, lakini inaweza kuungwa na nyingine, mradi kiungo kisipite moja kwa moja. Kifuate mistari ya mshazari kutoka kifungo hadi kifungo, kikienda kwa meno ya msumeno, ukiacha sentimita 2 za ziada zilaliane. Mikunjo itakimeza. Mafundi wa zamani walifanya hivyo hata kwa nguo za thamani ili wasipoteze kipande, na makochi yao yanakaguliwa na watu bila kuonekana mshono.

Upande wa nyuma wa ngozi chora alama 11 kwa vipimo vipya, 18 na 13, ukianzia katikati. Vifungo vyenyewe ni vya bati vyenye kitanzi nyuma, milimita 22 hivi, na mafundi wengi wa makochi wana kikandamizio cha kuvivalisha. Wape vipande vya ngozi hiyo hiyo. Kama ni vinene, vikwangue kwanza kwa nyuma kwa kisu kikali, la sivyo kifuniko hakifungi. Uzi uwe wa nailoni iliyopakwa nta. Uzi wa katani, zao ambalo Tanga imelilima tangu Richard Hindorf alipoleta miche yake mwaka 1893, ni hodari kwa kufunga magunia na ujazo, lakini hapa husuguliwa ubaoni na hatimaye huachia.

Tafuta mtu wa pili, mmoja akandamize juu na mwingine afunge chini. Toboa ngozi kwenye alama ya katikati kwa sindano nene ya fundi viatu, tundu dogo tu. Pitisha uzi kwenye kitanzi cha kifungo, ncha zote mbili ziingie shazia, shazia ishuke ngozi, pamba, sponji na ubao. Chini ya ubao weka kijiti cha mwanzi cha sentimita 3 kikilalia tundu. Zungusha uzi juu yake na ufunge fundo la kitanzi, lile linalokazika ukivuta na kulegea ukilirudisha. Usikaze mpaka mwisho. Kifungo kifike nusu ya kina, kisha nenda kwa jirani zake wa mshazari, mmoja baada ya mwingine, ukitoka katikati kwenda nje. Anayeanza pembeni husukuma ngozi yote katikati, na huko haina pa kwenda.

Mkunjo huzaliwa vifungo viwili vinapokuwa vimeshuka. Ngozi ya ziada kati yao hutafuta mahali, nawe unaielekeza. Tumia mpini bapa wa kijiko: weka ukingo wake juu ya mstari kutoka kifungo hadi kifungo, sukuma ngozi iingie chini, na upande mmoja uulalie mwingine. Kwenye mgongo wa kochi midomo ya mikunjo huelekezwa chini ili vumbi lisituame. Kigoda kinaonekana pande zote, hivyo la muhimu ni midomo yote ielekee upande mmoja. Tazama jambo moja kwa makini: mkunjo mzuri umenyooka. Ukiona umepinda, ngozi imezidi upande mmoja au alama imekosewa kwa nusu sentimita. Legeza fundo, telezesha, rudia. Kwa ajili hiyo tulifunga fundo la kitanzi. Usiilowanishe ngozi ili itii. Ya magome hupata madoa, na ya rangi huchafuka. Ianike juani dakika chache kabla ya kuanza, ikipata joto inalegea vya kutosha.

Vifungo vyote vikiwa nusu njia, anza mzunguko wa pili, tena kutoka katikati. Shika kijiti chenye alama ya sentimita 4, kizamishe kando ya kila kifungo, kaza mpaka alama ilingane na kilima. Jicho hudanganywa na mng'ao wa ngozi, kijiti hakidanganywi. Kisha acha kazi ilale usiku kucha. Asubuhi utakuta ngozi imenyooka na baadhi ya nyuzi zimelegea. Kaza tena, na sasa funga fundo la pili la kuzuia.

Kingo ni rahisi. Kutoka kila kifungo cha nje shusha mkunjo mmoja ulionyooka hadi ukingoni na chini ya ubao, uushike kwa pini au msumari mdogo. Baada ya mikunjo yote kukaa, vuta ngozi iliyo kati yake na uipigilie, ukianza katikati ya kila upande. Pembeni gawa ngozi katika mikunjo miwili midogo inayotazamana, na upunguze ya ndani kwa kisu ili pasivimbe. Misumari ya vichwa vya shaba kuzunguka ukingo ni hiari. Mimi naona kigoda chenye vifungo 11 kimeshapambwa.

Utunzaji wake hautaki mengi. Kiondoe kwenye jua la dirishani, kwani jua hukausha mafuta ya ngozi na kufifisha rangi. Futa vumbi la mikunjoni kwa brashi laini, na uso kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usipake mafuta ya kupikia, yanachacha na kunuka; paka mafuta ya ngozi yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, mara mbili kwa mwaka. Wakati wa masika, hasa pwani, ukungu unaweza kuota upande wa chini. Kipeperushe penye hewa, ufute kwa kitambaa kikavu. Baada ya miezi michache sponji itakuwa imelala kidogo, na vifungo viwili vitatu vitataka kukazwa. Fungua skrubu nne, tafuta kijiti cha mwanzi, vuta.

Kazi ya mwisho ni kupigilia kitambaa cheusi chini ya ubao kuficha nyuzi na kuzuia vumbi. Kabla hujakipigilia, chukua kalamu ya risasi uandike kwenye plaiwudi: mwaka, unene na uzito wa sponji, umbali wa vifungo kwenye ubao na kwenye ngozi, na mahali ulikoinunua ngozi. Sponji itachoka kabla ya ngozi. Atakayekifungua kuibadilisha, awe wewe, mwanao au fundi wa mtaani, atahitaji namba hizo, na hatazipata mahali pengine popote.